Yule Mbwa wa HMV na Sauti ya Susu Yangu

Hii ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa mathree na bando inaisha, isevu usome ukifika keja.

Desemba nilienda nyumbani Zombe. Kwa wale hawajui Zombe, ukitoka Kitui mjini unaelekea mashariki, jua linazidi kuwa kali, mibuyu inaongezeka, na ukipita hapo zaidi unaenda Endau. Mjomba wangu ni fundi wa redio hapo sokoni. Anatengeneza redio, spika, simu, hata tochi. Siku moja nilikuwa nimekaa kwa kibanda chake nikichaji simu, nikaona chini ya meza sanduku jeusi kama briefukesi ya zamani, limejaa vumbi. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na sahani ya kuzunguka, mkono wa chuma, na kwa kifuniko, picha ya mbwa mdogo mweupe mwenye masikio meusi. Ameinamisha kichwa, anaangalia ndani ya tarumbeta.

Nikauliza, "Mjomba, hii ni kampuni ya chakula cha mbwa?"

Akacheka mpaka akaweka solda chini. "Wewe ndiye unaambia watu kwa intaneti wewe ni mtu wa sauti? Na humjui huyo mbwa?"

Enyewe alinipata. Mimi hupostia watu maoni kuhusu spika na iafoni kila wiki, na sikujua yule mbwa. Nikaenda kusoma. Hii ndiyo nimepata, na mwishoni nitawaambia kwa nini ilinikalia kwa roho.

Mbwa aliitwa Nipper. Alikuwa wa ukweli, si katuni. Aliishi Uingereza, na mwenye mbwa alikuwa jamaa anaitwa Mark Barraud. Mark akafariki 1887, mbwa akachukuliwa na ndugu yake, Francis Barraud, ambaye alikuwa mchoraji. Francis aliona vile Nipper alikuwa anakaa mbele ya mashine ya kucheza sauti, anasikiliza kama mtu anayetafuta kitu. Nipper akafa 1895. Baadaye Francis akachora ile picha na kuipa jina linalomaanisha sauti ya bwana wake. Watu wengi wameisoma hiyo picha hivi: mbwa anasikiliza sauti ya mtu aliyekufa.

Mwanzoni mashine kwenye picha haikuwa hata santuri ya sahani. Ilikuwa fonografu ya mtungi, ile aina ya Edison. Francis akajaribu kuiuza picha ikakosa soko. Mwishowe, 1899, akaenda kwa kampuni changa ya London iliyoitwa Gramophone Company, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia. Wakamwambia sawa, tutanunua, lakini futa hiyo mashine ya wapinzani uchore yetu. Akachora santuri juu yake. Wakampa pauni 100: 50 za picha, 50 za haki ya kuitumia. Kutoka hapo huyo mbwa akawa moja ya nembo zinazojulikana zaidi duniani, na kampuni ikaanza kuitwa kwa herufi tatu za jina la picha: HMV.

Sasa teknolojia yenyewe. Aliyebuni santuri ya sahani ni Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Shule aliacha akiwa na miaka 14. Hataza yake ni ya 1887. Ujanja wa Berliner ulikuwa huu: Edison alikuwa anatumia mtungi, na mtungi ulikuwa mgumu kunakili kwa wingi. Sahani bapa unaweza kutengeneza chapa moja ya chuma, halafu ukagonga nakala maelfu kama mtu anayepiga chapati. Hapo ndipo muziki ulikuwa bidhaa ya dukani.

Zile sahani hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, ukichanganywa na unga wa mawe. Ukiangusha inapasuka kama sahani ya udongo. Zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu. Ukishangaa kwa nini nyimbo nyingi mpaka leo ni za dakika tatu, anza kutafuta jibu hapo.

Na hii kampuni ilikuwa inasafiri, wasee. Mwaka 1902 mtu wao wa kurekodi, Fred Gaisberg, alikuwa Milan akarekodi kijana wa opera anaitwa Enrico Caruso. Nyimbo 10 kwa pauni 100. Ofisi ya London ilituma simu ya maandishi kukataa, ati bei ni ya juu sana. Gaisberg akarekodi tu, na Caruso akawatengenezea hela ya ajabu. Mwaka huo huo Gaisberg alikuwa Calcutta akimrekodi Gauhar Jaan, mwimbaji mkubwa wa India. Kufikia 1908 kampuni ilikuwa na kiwanda Calcutta. Walikuwa wameelewa kitu ambacho sisi wa kontenti tunajifunza kila siku: mashine bila sauti ya watu wako ni sanduku tu. Ukitaka Mhindi anunue santuri, muuzie Mhindi anayeimba.

Kwetu Afrika Mashariki jina la kukumbuka ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu 1880, kwa familia maskini. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, hebu fikiria kuitwa hivyo. Alikuwa anatembeza vyungu vya mama yake akiuza. Akahamia mjini, akajifunza kuimba, akaingia kwa taarab wakati taarab ilikuwa mambo ya ikulu, ya wanaume, na ya Kiarabu. Yeye akaimba kwa Kiswahili. Wimbo wake "Kijiti" ulikuwa kama habari ya leo: mwanamke ameuawa, muuaji ametoroka kwenda bara, na wanaofungwa ni wanawake waliotoa ushahidi.

Machi 1928, HMV wakampandisha Siti na kundi lake meli mpaka Bombay kurekodi. Sahani zilipofika huku zikanunuliwa sana. Kabla ya hapo watu wa pwani wenye santuri walikuwa wanasikiliza sana Wamisri. Sasa mtu alikuwa amekaa barazani anasikia lugha yake ikitoka kwa tarumbeta ya mbwa. Siti alifariki 1950. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake. Hiyo inakuonyesha uzito wake.

Turudi kwa vyombo, kwa sababu najua kuna wale walikuja kwa hiyo.

Miaka hiyo HMV walikuwa wanatengeneza vyombo vya hali ya juu kabisa. Baada ya 1925 kurekodi kulianza kufanywa kwa maikrofoni na stima badala ya mtu kupiga kelele ndani ya pembe. Sauti ikawa na besi. Lakini santuri za zamani hazikuweza kuitoa hiyo besi, kwa hivyo 1927 HMV wakatoa mashine kubwa za kabati ambazo ndani pembe ndefu imekunjwa ikajirudia, sauti izunguke kabla ya kutoka. Hizo zilikuwa za matajiri. Hakuna amplifaya, hakuna spika, hakuna waya. Ni sindano, kiwambo, hewa na hesabu.

Ile ya mjomba ni ndugu mdogo wa hizo. Ni HMV 102, ya kubebeka, ilianza kuuzwa 1931. Unazungusha mkono upande wa sanduku kukaza springi. Unaweka sindano ya chuma, na unafaa kuibadilisha kila upande wa sahani, la sivyo inakula mifereji. Pembe imefichwa ndani ya sanduku na kifuniko kinasukuma sauti ije mbele. Chombo kama hicho kingefanya kazi Zombe vizuri kuliko Nairobi, kwa sababu Zombe ya wakati huo hakukuwa na stima, na chenyewe hakikuhitaji.

Kwetu wanasema kililetwa na babu ya mama yangu. Alikuwa askari wa KAR wakati wa vita vya pili. Wakamba waliandikishwa kwa wingi jeshini, na kikosi cha Afrika Mashariki kilipigana Burma 1944. Alirudi na koti, na viatu, na kikohozi. Santuri alinunua kwa pesa za kuachishwa jeshi. Watu walikuwa wanatembea kutoka mbali kuja kusikiliza. Susu yangu, mamake mama, alikuwa msichana mdogo wakati huo. Aliniambia aliwahi kwenda nyuma ya sanduku kuangalia mtu amejificha wapi.

Kwa wale mnasema hizo ni hadithi za wazee, sikizeni hii ya Kapkatet. 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika akirekodi muziki wa kienyeji, alifika kwa Wakipsigis na gari lake la mitambo. Wasichana wakamwimbia wimbo kuhusu kiumbe anaitwa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers! Mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri, aliyekufa kwa TB 1933. Sahani zake zilikuwa zimefika huko kwa santuri, watu wakasikia mtu anaimba na haonekani, jina wakaligeuza kwa ulimi wao, wakasema huyu ni nusu mtu nusu swara. Na Marekani sahani za Rodgers zilitolewa na Victor, kampuni ndugu ya HMV iliyokuwa na yule yule mbwa kwa nembo.

Sasa sehemu inayoniuma. Wale wasichana waliimba, mashine ikafungwa, gari likaondoka. Sauti yao ikakaa kwa maktaba ya Afrika Kusini. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo watu wa hiyo maktaba pamoja na Ketebul Music ya Nairobi wakarudisha rekodi kwa jamii. Hesabu. Msichana wa miaka 15 mwaka 1950, ukimrudishia sauti yake sasa ni nyanya wa miaka karibu 80, kama yuko. Wengi hawakuwa.

Na mbwa je? 1931 Gramophone Company iliungana na Columbia ya Uingereza, ikazaliwa EMI. Mwaka huo huo wakafungua studio za Abbey Road. Mhandisi wao Alan Blumlein akaandika hataza ya stirio Desemba 1931. Alikuwa ameenda sinema, akakereka kwamba mwigizaji yuko upande huu wa skrini lakini sauti inatoka pale. Hiyo L na R kwa iafoni zako inaanzia kwake. Blumlein akafa 1942 kwa ajali ya ndege wakijaribu rada, akiwa na miaka 38, na sahani za stirio zilikuja kuuzwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuwahi kuziona dukani.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo ilitoa CT skani. Godfrey Hounsfield, mtu wa EMI, alipata Tuzo ya Nobel 1979, na hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alikuwa na diploma. Nilipoisoma hiyo nilikuwa karibu kumtumia mama yangu, halafu nikajizuia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na kufikia sasa sijavumbua chochote. Hounsfield alikuwa anaenda kazini kila siku miaka na miaka. Tusidanganyane.

Mwisho wa hadithi ni wa huzuni kidogo. EMI ilikuja kugawanywa 2012, muziki mwingi ukaenda Universal. Maduka ya HMV Uingereza yakaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Januari 2013. Haki za picha ya mbwa ziko vipande vipande, nchi hii mwenyewe huyu, nchi ile mwenyewe yule. Japani ni JVC. Kampuni iliyoshika sauti za dunia nzima ilishindwa kujishika yenyewe.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya yote.

Susu yangu alikuwa anajua nyimbo za kilumi. Kama wewe ni Mkamba unajua kilumi, ile ngoma ya akina mama wazee, ngoma ndefu na pepo. Hakuwa anaimba hovyo hovyo. Lakini jioni akipembua mbaazi alikuwa anaimba pole pole, na kila mara alikuwa anaeleza huu ulikuwa wa kuomba mvua, huu ulikuwa wa mtu fulani aliyekufa. Mimi nikamwambia, "Susu, nitakurekodi. Lakini ngoja nipate maiki poa." Nilisema hivyo mwaka juzi. Mwaka jana nikasema tena. Nilikuwa nimeona maiki fulani ya elfu ishirini na kitu, na nilitaka iwe kontenti safi, sauti safi, kila kitu safi. Yeye alikuwa anacheka anasema, "Wewe ngoja tu, mimi siendi mahali."

Alienda Agosti.

Nilichobaki nacho ni voisi noti moja kwa simu. Sekunde 14. Ananiuliza kama nimekula, halafu anamfukuza kuku, halafu inaisha. Hakuna wimbo hata mmoja. Simu yangu ilikuwa na maiki miaka hiyo yote. Ilikuwa mfukoni.

Ndio maana nilipoona yule mbwa kwa kifuniko nilinyamaza, na mjomba akaniuliza kama nimegonjeka.

Nilimwambia maoni yangu mpya: vyombo ni upuzi, cha muhimu ni kurekodi. Mjomba akakataa kabisa. Akasema, "Usiruke kutoka ujinga mmoja hadi mwingine. Kama wangemrekodi huyo Siti wako kwa takataka, ungekuwa unasikia nini leo? Chombo kizuri ni heshima kwa anayeimba." Na yuko sawa. HMV walifanya kazi safi, ndio maana tunamsikia Siti karibu miaka 100 baadaye. Kosa langu halikuwa kupenda chombo kizuri. Kosa langu lilikuwa kufikiri sauti itangoja chombo.

Lakini hapo nami nikamjibu: na chombo kizuri kikija na mwenye nacho akaondoka na sauti, hiyo si heshima kamili. Wale wa Kapkatet waliheshimiwa na maiki, wakasahauliwa na gari. Na tusijifanye sisi ni tofauti. Tunachukua sauti za nyanya zetu tunaweka kwa app za watu wa nje, tunahesabu vyuu, akaunti ikifungwa sauti imeenda. Nakala nyumbani hakuna. Mjomba akaniangalia, akasema hiyo pia ni kweli, akarudi kwa solda yake.

Basi Januari sikurudi Nairobi haraka. Kuna akina mama wanne Zombe waliokuwa wanaimba na susu. Nilienda kwao mmoja mmoja, na mama yangu akinitambulisha, kwa sababu huwezi kuingia kwa mama mzee na simu mkononi kama askari wa trafiki. Mmoja alikataa, akasema nyimbo zingine si za kila mtu. Nikamwambia sawa mama, tukanywa chai nikaenda. Watatu walikubali. Nilitumia simu hii hii iliyopasuka kioo. Nikazima data, nikaiweka juu ya mto ili isichukue mtetemo wa meza, nikafunga mlango kwa sababu ya upepo. Mjomba alinikopesha iafoni zake nisikilize kama sauti inapasuka. Kila mmoja nimempa memori kadi yake, inaingia kwa ile redio ndogo ya kubeba. Hazijapostiwa. Nikipostia yoyote itakuwa wamesema ndiyo, wakijua inaenda wapi.

Maiki bado nitanunua. Nimeweka elfu sita.

Ile HMV mjomba amesema hauzi. Springi imekatika na kiwambo kimekauka, lakini anadai ataifufua kabla ya Pasaka. Sahani moja tu ndiyo imebaki, imepasuka ufa kutoka ukingoni mpaka katikati, karatasi ya katikati imeliwa na mchwa, hatujui ni nani anaimba. Ikilia nitawapostia, ufa na yote.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa: usinilaiki kwanza. Kama susu yako yuko, mpigie, au enda ukamkalie. Washa rekoda. Mwambie unarekodi. Muulize alikuwa anasikiliza nini akiwa msichana, na kwa chombo gani. Halafu urudi kwenye komenti utuambie amesema nini.